UZI: Kesi za uchochezi zilivyowamaliza wanafunzi wa Nairobi, na jinsi sheria ile ilivyobadili jina

Mwana_wa_Mgange

Salaam wakuu. Nimefuatilia mjadala wa wanafunzi wanaoisema serikali vibaya, na nimeona wengi wakitaka sheria ya uchochezi itumike "kidogo tu, kuwatia adabu". Naomba niwaeleze sheria hiyo ilifanya nini kwetu Kenya wakati ina meno. Iliingia mpaka nyumbani kwetu, kwa hiyo ninayo ya kusema.

Agosti 1982 nilikuwa darasa la sita, Mgange, milima ya Taita. Jumapili ya tarehe 1 tuliamka redio ikitangaza kwamba jeshi limechukua nchi, wale askari wa anga wa kina Hezekiah Ochuka. Siku haikuisha, mapinduzi yakawa yamezimwa. Kaka yangu mkubwa alikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Nairobi. Alifika nyumbani siku ya tano, hana sanduku, viatu vimepasuka. Alimwamkia mama, akanywa maji, akaniambia niwashe koroboi nimfuate.

Tulikwenda kwenye kabati alikokuwa ameacha vitabu vyake likizo iliyopita. Alikuwa na mazoea ya kuandika jina lake na tarehe ya kununua kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitabu, kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri kweli. Usiku ule alikaa chini akawa anachana kurasa hizo moja moja na kuzitia jikoni. Vitabu 19, nilivihesabu. Kisha akavifunga kwa nailoni, akavitia kwenye mfuko wa mbolea pamoja na karatasi za mikutano ya wanafunzi, akachimba katikati ya migomba nyuma ya bafu. Mimi nilishika taa. Nikamuuliza, kwani vitabu vimefanya nini? Akasema: "Hawaulizi kitabu kimefanya nini. Wanauliza wewe ulikuwa unafikiria nini ulipokiweka."

Miaka mingi baadaye nilipoisoma sheria yenyewe niliona kwamba alikuwa ameieleza sawasawa. Kifungu cha 56 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilikuwa kinazungumzia *nia ya uchochezi*. Nia ya kuifanya serikali ichukiwe au idharauliwe. Nia ya kuamsha manung'uniko miongoni mwa wananchi. Manung'uniko, wakuu! Ukitamka au ukichapisha neno lenye nia hiyo, kifungo mpaka miaka 10. Ukikutwa tu na karatasi yenye nia hiyo, mpaka miaka 7. Mashahidi waliokuona ukirusha jiwe hawahitajiki.

Na hapa tusidanganyane kwamba mahakimu waliipindisha. Sheria ilishonwa hivyo tangu ukoloni. Mwaka 1936 Wallace-Johnson wa Sierra Leone aliandika makala katika gazeti moja la Accra, akashtakiwa kwa uchochezi. Rufaa yake ilifika Baraza la Rufaa London, nalo likaamua kwamba katika makoloni upande wa mashtaka hauhitaji kuthibitisha kwamba maneno yalichochea fujo. Maneno yenyewe yanatosha. Bendera ya mkoloni ilishushwa, kifungu kikabaki kama kilivyo, kilichobadilika ni mtu anayelindwa nacho.

Basi tuje kwa wanafunzi. Titus Adungosi alikuwa mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alishtakiwa kwa uchochezi baada ya jaribio la mapinduzi, akakiri kosa, na Septemba 1982 akapewa miaka 10, yaani mwisho kabisa wa sheria. Hakutoka hai. Alifia kifungoni mwaka 1988.

Onyango Oloo, mwanafunzi pia, alipewa miaka 5. Kilichomfunga ni insha aliyokutwa nayo, insha ambayo haikuwa imechapishwa popote. Nani alichochewa na karatasi iliyokuwa ndani ya mfuko wa mtu? Hakuna. Lakini sheria haikuuliza hivyo. Mwaka huohuo wa 1982 Maina wa Kinyatti, mwalimu wa historia pale Chuo cha Kenyatta, alipewa miaka 6 kwa kukutwa na maandishi ya uchochezi.

Chuo kilifungwa kuanzia Agosti 1982 mpaka Oktoba 1983. Mwaka mzima na ushei. Wanafunzi walirudishwa makwao na kutakiwa kuripoti kwa machifu. Kaka yangu alikuwa anateremka mlima asubuhi na mapema, anakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya chifu mpaka aitwe, anaulizwa nani alimtembelea, barua ngapi zimeingia, kisha anatia sahihi daftari. Kijana wa miaka 21 aliyekuwa fahari ya kijiji. Watu waliacha kupita nyumbani kwetu. Mjomba wangu mwenyewe alikuwa akija usiku.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "kidogo tu" nashindwa kunyamaza.

Mdau_wa_Tegeta

Mkuu, pole kwa yaliyowakuta. Ila naomba nikuulize bila kuzunguka. Wale wanafunzi waliandamana kuunga mkono mapinduzi. Watu walikufa mjini, maduka yaliporwa, wanawake walidhalilishwa. Serikali gani duniani ingewaacha? Unatuambia habari za vitabu lakini hapo kuna bunduki.

Mwana_wa_Mgange

Swali la haki ndugu yangu, na sitalikwepa. Ni kweli, wako wanafunzi walioingia barabarani kushangilia. Kaka yangu hakuwa mmoja wao, lakini rafiki zake walikuwamo na hakuwahi kulificha. Kushangilia mapinduzi ni upumbavu mkubwa, na siku ile ulikuwa wa hatari.

Lakini angalia sheria zilizokuwa mezani. Aliyeshika bunduki alikuwa na mahakama ya kijeshi na kosa la uhaini, na Ochuka alinyongwa mwaka 1987. Aliyevunja duka ana kosa la wizi. Aliyemdhalilisha mwanamke ana kosa lake. Hizo zote zinauliza mkono wako ulifanya nini, na zote zilikuwepo siku ile. Uchochezi ulitolewa kabatini kwa ajili ya wale ambao mikono yao haikukutwa na kitu.

Kuna ushahidi mwingine. Wanafunzi zaidi ya 60 walikaa rumande kwa mashtaka ya uchochezi, halafu Februari 1983 wengi wao wakaachiwa kwa agizo la Rais. Kama kweli walikuwa hatari kwa taifa, mbona waliachiwa kwa agizo bila kesi kusikilizwa? Na kama hawakuwa hatari, ile miezi sita ilikuwa ya nini? Wale wachache waliobaki waliendelea kutumikia vifungo kwa kosa lilelile ambalo wenzao walisamehewa.

Tena usiishie 1982. Februari 10, 1985, Jumapili, wanafunzi walikusanyika uwanja wa michezo wa chuo kwa ibada baada ya viongozi wao kufukuzwa. Hapakuwa na mapinduzi, hapakuwa na bunduki upande wao. GSU, polisi wa kuzima ghasia, waliingia na marungu, mwanafunzi akafa, wengi wakaumia. Mwandawiro Mghanga, ambaye ni wa kwetu Taita, alifungwa mwaka mmoja kwa mkusanyiko usio halali. Mwaka 2002 watu wa Wundanyi walimchagua huyohuyo kuwa mbunge. Na mwaka 1990 mchungaji wa PCEA, Lawford Imunde, alihukumiwa miaka 6 kwa uchochezi kwa sababu ya aliyoandika kwenye shajara yake. Shajara! Mtu anaandika peke yake, anaifunga, anaiweka mezani.

Mlango wa 1982 uliofunguliwa kwa ajili ya "hatari" haukufungwa hatari ilipopita. Hilo ndilo jibu langu kwako.

Babu_Magomeni

Vijana, nami niweke langu. Sisi Tanganyika hatukuwapeleka wanafunzi mahakamani sana, lakini tusijifanye watakatifu.

Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam na vyuo vingine waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ile habari ya kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wakati wa utumishi. Walivaa majoho yao mekundu, na bango moja lilisema afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akakasirika, akawaambia warudi makwao. Karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa siku moja. Palepale akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wengi wa vijana wale walirudishwa baadaye. Mimi nilikuwa karani mdogo mjini, nakumbuka tulivyoshangilia. Tuliwaona watoto wenye kiburi wanaosomeshwa kwa jasho la mkulima.

Mwaka 1971 ndio ulionishtua. Mwenyekiti wa wanafunzi alikuwa Mkenya, Simon Akivaga. Wanafunzi walikuwa na malalamiko juu ya uongozi wa chuo, akaandika barua ya wazi kwa mkuu wa chuo. FFU, polisi wa kutuliza ghasia, wakaja Mlimani, wakamchukua, akasafirishwa kwao Kenya. Kwa barua. Wanafunzi na baadhi ya walimu waligoma, na baadaye akarudishwa.

Nawaambia hivi kwa sababu mwenye uzi anaielekeza lawama yote kwenye kifungu cha sheria. Kwetu hapakuhitajika kifungu. Na jambo lingine nimelibeba miaka mingi: huyu huyu Mwalimu mwaka 1958 alisimama mahakamani Dar es Salaam kwa kosa la kuwakashifu mabwana shauri wawili, wakuu wa wilaya wa kikoloni, katika gazeti la TANU, akalipa faini ya shilingi 3,000. Alijua kiti kile kinavyokaliwa.

Mwana_wa_Mgange

Shikamoo Babu. Nakubali umenirekebisha. Kufukuzwa kwa amri ni adhabu pia, na haina hata rufaa. Tofauti ninayoiona ni moja: waliofukuzwa 1966 walirudi wakamaliza, wengine wakaja kuitumikia nchi. Adungosi hakurudi. Ukishampa mtu jina la mchochezi kwa hukumu ya mahakama, kila mtu anaogopa kusimama karibu naye, hata mwajiri, hata mjomba.

Aliyesoma_Pune

Naomba niongeze ya India, maana kule sheria zetu zina mizizi. Wengi hawajui kwamba Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia Kanuni ya Adhabu ya India mpaka 1930, mkoloni alipoleta nyingine. Uchochezi wa India ni kifungu cha 124A, kilichoingizwa mwaka 1870. Tilak alifungwa nacho, na Gandhi naye mwaka 1922 akapewa miaka 6.

Februari 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru, Delhi, walifanya mkutano wa kumkumbuka Afzal Guru, aliyenyongwa 2013 kwa shambulio la Bunge. Ikadaiwa kwamba kaulimbiu za kuipinga India zilisikika. Siku tatu baadaye rais wa wanafunzi, Kanhaiya Kumar, akakamatwa kwa uchochezi. Alipopelekwa mahakamani alipigwa ndani ya eneo la mahakama na watu waliovaa mavazi ya mawakili. Mapema Machi akapata dhamana. Hati ya mashtaka ilikuja Januari 2019, karibu miaka mitatu baadaye, yenye kurasa zaidi ya elfu moja.

Nilikuwa India mwaka ule wa 2016. Tulikuwa na kikundi cha Waafrika Mashariki, tukikutana Ijumaa kupika ugali na kubishana siasa za nyumbani. Baada ya kesi ile mwenye nyumba alitujia, mzee mwema tu, akatuomba tufunge madirisha tukizungumza. Hakutukataza. Alituomba.

Kinachouma ni kwamba Mahakama Kuu Kabisa ya India ilikwisha kuamua tangu 1962, kwenye kesi ya Kedar Nath Singh, kwamba uchochezi ni pale tu maneno yanapoelekea kuleta fujo au kuvunja amani. Lakini polisi wa kukamata hasomi hukumu ya 1962. Anasoma kifungu. Mpaka mahakama ije ikwambie huna kosa, umeshapoteza miaka. Mei 2022 mahakama hiyo ilisimamisha matumizi ya 124A, na Julai 2024 India ikaanza kutumia kanuni mpya ya adhabu. Neno lile limeondolewa, ila kuna kifungu cha 152 kuhusu kuhatarisha umoja wa nchi, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha.

Waingereza waliotuachia haya wao walilifuta kosa hilo kwao mwaka 2009.

Buja_Asiatique

Hapa Burundi msidhani ni mambo ya chuo kikuu tu. Machi 2019, huko Kirundo, wasichana watatu wa shule waliwekwa rumande wakidaiwa kuchora juu ya picha ya Rais Nkurunziza kwenye vitabu vya shule. Vitabu vya shule vinavyopita mikono mingi, mwaka hadi mwaka! Shtaka lilikuwa kumtukana mkuu wa nchi. Wakaachiwa mwisho wa mwezi baada ya dunia kupiga kelele. Mwaka 2016 ilikuwa hivyohivyo, watoto wakafukuzwa shule kwa mamia. Nina binti. Mwaka ule nilikaa naye sebuleni tukapekua vitabu vyote ukurasa kwa ukurasa na ufutio mkononi.

Mwana_wa_Mgange

Ndugu wa Buja, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Ufutio mkononi. Ndiyo koroboi yangu hiyo.

Dada_wa_Rongai

Shikamoo mzee. Mimi nina miaka 23, niko mwaka wa mwisho. Naomba kuuliza: kwani sheria hiyo haikufutwa 1997? Na tuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 33 kinatupa uhuru wa kujieleza na kinakataza uchochezi wa vita, wa vurugu na matamshi ya chuki, basi. Cha 37 kinaturuhusu kuandamana bila silaha. Nilikuwa barabarani Juni 25, 2024. Hakuna aliyetushtaki kwa uchochezi. Walitupiga risasi. Sasa huu uzi wa vitabu unatusaidia nini sisi?

Mwana_wa_Mgange

Marahaba mwanangu. Kwanza nashukuru uko hai unaniuliza.

Ni kweli, vifungu vya uchochezi vilifutwa mwaka 1997, katika yale mageuzi ya IPPG, mapatano ya wabunge wa vyama vyote, kabla ya uchaguzi. Tulishangilia. Lakini hawakugusa kifungu cha 77, cha matendo ya kuhujumu, ambacho lugha yake ni ndugu wa 56. Kililala pale miaka na miaka, mpaka 2023 kikamkamata mtu aliyeandika Twitter kuhusu jeshi kuchukua nchi. Machi 2024 Mahakama Kuu ya Nakuru ikasema kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 1982 hadi 2024. Hesabu mwenyewe.

Uganda ni vivyo hivyo. Mahakama ya Katiba ilifuta uchochezi Agosti 2010, kesi ya Andrew Mwenda. Miaka tisa baadaye Stella Nyanzi wa Makerere akafungwa kwa shairi la kumsema Rais, safari hii kwa sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta. Tanzania waliweka uchochezi kwenye Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema Machi 2019 kwamba vifungu hivyo vinavunja Mkataba wa Jumuiya.

Na kwenu mwaka 2025? Yule binti aliyetengeneza programu ya kuwasaidia wananchi kutuma barua pepe za kuupinga Mswada wa Fedha alilala rumande, akashtakiwa kwa sheria ya makosa ya kompyuta. Mahakama iliitupa kesi ile, lakini alishalala ndani. Baada ya maandamano ya Juni mwaka huo, vijana wenzako walisomewa mashtaka ya ugaidi. Ugaidi, mwanangu. Sisi tulikuwa na miaka 10.

Umeniuliza uzi huu unakusaidia nini. Siku utakapoona mswada mpya, usiangalie jina lake wala aliyeuleta. Nenda kwenye fasiri ya kosa. Tafuta neno linalosema ulifanya nini. Ukikuta maneno kama chuki, dharau, manung'uniko, kupotosha, kudhalilisha taasisi, na hukuti tendo wala mtu aliyeumizwa, piga simu kwa wakili unayemjua, mwandikie mbunge wako, nenda kwenye kikao cha maoni useme. Sisi 1982 hatukuitwa kwenye kikao chochote. Ninyi mnaitwa, hata kama hawataki kuwasikia.

Kuhusu risasi sina jibu. Nilikuwa nyumbani nikiangalia runinga na binti yangu alikuwa huko kama wewe. Nilishindwa kukaa.

Mdau_wa_Tegeta

Mkuu, bado naamini nchi inahitaji kujilinda na maneno ya hatari, lakini hilo la kutafuta tendo kwenye fasiri ya kosa limeniingia. Nitalirudia. Halafu, kaka yako alirudi chuoni? Na vile vitabu?

Mwana_wa_Mgange

Alirudi Oktoba 1983, akamaliza, akawa mwalimu wa jiografia mpaka alipostaafu. Mkutano wa siasa hakuwahi kuhudhuria tena, hata wa diwani.

Vitabu tulivifukua Desemba 1992, wiki ile ya uchaguzi wa vyama vingi. Maji ya bafu yalikuwa yameingia kwenye nailoni. Vingi vilishikana vikawa kama tofali. Vitano vilisomeka kwa shida, tukavianika juu ya mabati. Kimoja ninacho hapa mezani, hakina ukurasa wa kwanza. Juzi nilimwomba aandike jina lake kwenye jalada la ndani ili wajukuu wajue ni cha nani. Alikichukua, akakifungua, akanirudishia akasema niandike la kwangu.

Sijaandika bado.